Vekta: Asili ya Jina na Ugomvi Ulioizunguka

Mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari hapa Tanzania huandika ubaoni kwa Kiingereza, kisha hugeuka na kuwaeleza wanafunzi wake kwa Kiswahili. Jambo hili si siri. Tume ya Rais ya Elimu, katika taarifa yake ya mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia kidato cha kwanza kuanzia mwaka 1985, na serikali haikulikubali pendekezo hilo. Hata hivyo maelezo ya mdomo yameendelea kutolewa kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha ambayo mwanafunzi hufikiri kwayo. Mwalimu huyo afikapo kwenye mada ya vekta hukumbana na shida ya aina yake. Kujumlisha, kutoa na kuzidisha anakujua kwa Kiswahili safi, kwa kuwa shule za msingi zimefundisha kwa lugha hiyo tangu mwaka 1967. Lakini kile kinachojumlishwa hana jina lake ila la mkopo, na zile namna mbili za kukizidisha hulazimika kuzitaja kwa majina ya Kiingereza, au kwa kuonyesha kidole alama iliyoandikwa ubaoni.

Kabla ya kuamua la kufanya, inafaa tutazame jinsi wenye lugha nyingine walivyofika walipofika. Watu wengi hudhani kwamba istilahi za hisabati zilizaliwa zikiwa zimekamilika, nasi tumebakiwa na kazi ya kuzifasiri tu. Historia ya vekta inaonyesha kinyume chake.

Tuanze na maana. Kilo 5 za mchele ni kilo 5, uupime ukielekea kibla au ukikipa mgongo. Namba moja na kizio chake vyatosha. Mwendo wa chombo baharini hautoshelezwi hivyo. Tuseme jahazi linatoka Unguja kuelekea magharibi, upande wa Bagamoyo, likienda maili 4 za baharini kwa saa, na mkondo wa maji unasukuma kuelekea kaskazini maili 3 kwa saa. Mtu wa hesabu za dukani angesema jumla ni 7. Nahodha hasemi hivyo. Chora mshale wa 4 kuelekea magharibi, na kwenye ncha yake uanzishe mshale wa 3 kuelekea kaskazini. Kisha unganisha mwanzo wa ule wa kwanza na ncha ya ule wa pili. Mshale huo wa tatu una urefu wa 5, nao umeelekea kati ya magharibi na kaskazini. Hiyo ndiyo jumla yake. Lau mkondo ungekuwa unakwenda upande ule ule wa chombo, jumla ingekuwa 7. Ungekuwa wa kukabili, ingekuwa 1. Kitu chenye ukubwa na mwelekeo, ambacho hujumlishwa kwa kanuni hii ya mishale, ndicho kiitwacho vekta. Manahodha wa pwani yetu, ambao huelekeza omo ya chombo kusini kidogo ya mahali waendako ili mkondo usiwapitilize, wameitumia kanuni hii karne nyingi bila ya kuhitaji jina lake.

Huko Ulaya nako kanuni ilitangulia jina. Mwaka 1586 Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges, alitoa kitabu juu ya elimu ya mizani. Humo alichora kabari ya pembetatu iliyozungushiwa mkufu wenye gololi 14, pande zake mbili zikiwa na urefu usiolingana. Alisema kwamba lau upande mmoja ungeushinda mwingine, mkufu ungezunguka milele bila ya kusukumwa, jambo ambalo haliwezekani. Kutokana na hoja hiyo aliweza kueleza jinsi kani zenye mielekeo mbalimbali zinavyopatana. Kinachotuhusu zaidi sisi wa istilahi ni kwamba Stevin alikiandika kitabu hicho kwa Kiholanzi, wakati ambapo wasomi wa Ulaya waliandika kwa Kilatini, na akatanguliza ndani yake maelezo marefu ya kutetea ubora wa lugha yake kwa kazi ya sayansi. Aliunda maneno kutoka katika mizizi ya Kiholanzi. Hata leo Waholanzi huiita hisabati wiskunde, neno lililotokana na lile alilolitumia yeye, likiwa na maana ya elimu ya yaliyo ya hakika, ilhali majirani zao karibu wote wamebaki na neno la Kiyunani. Basi wasemao kwamba istilahi za kienyeji haziwezi kudumu wamjibu kwanza Stevin.

Karne moja baadaye, mwaka 1687, Isaac Newton aliiweka kanuni ya msambamba karibu na mwanzo wa kitabu chake kikuu: kitu kikisukumwa na kani mbili kwa pamoja, hupita katika ulalo wa msambamba kwa muda ule ule ambao kingepita katika pande zake kwa kila kani peke yake. Jina la kitu chenyewe bado halikuwapo. Mwaka 1797 mpima ardhi Caspar Wessel, mzaliwa wa Norwei, alisoma mbele ya Chuo cha Sayansi cha Denmark maandishi yaliyoeleza jinsi ya kujumlisha na kuzidisha mistari yenye mwelekeo katika bapa. Yalichapishwa mwaka 1799 kwa Kidenmark, nayo yakalala karibu miaka mia moja bila ya kusomwa na mtu wa nje, mpaka yalipotolewa kwa Kifaransa mwaka 1897. Wakati huo wengine walikuwa wamekwisha kuyagundua upya hayo hayo. Namweka Wessel kando ya Stevin kwa makusudi, ili mizani isiegemee upande mmoja.

Jina lilikuja na William Rowan Hamilton wa Dublin. Huyu aliteuliwa kuwa mnajimu mkuu wa Ireland mwaka 1827, angali bado mwanafunzi wa chuo kikuu. Kwa muda wa miaka zaidi ya kumi alitafuta njia ya kuzidisha namba zilizofungwa tatu-tatu, ili hisabati ya anga ipate aljebra yake kama ile ya bapa ilivyopata namba changamano. Alieleza baadaye kwamba katika mwezi wa Oktoba 1843, kila aliposhuka asubuhi kwa kifungua kinywa, wanawe walimwuliza kama baba amekwisha kuweza kuzizidisha hizo tatu-tatu, naye hujibu kwa huzuni kwamba hapana, aweza kuzijumlisha na kuzitoa tu. Tarehe 16 Oktoba, akitembea na mkewe kando ya mfereji kuelekea mkutanoni, alitambua kwamba tatu hazitoshi, zinatakiwa nne. Hapo hapo alichonga kwa kisu kanuni yake juu ya jiwe la daraja la Broome. Machongo yale yamefutika. Kibao kilichopo sasa kilizinduliwa mwaka 1958 na Éamon de Valera, aliyekuwa waziri mkuu wa Ireland na ambaye kabla ya siasa alikuwa mwalimu wa hisabati.

Namba hizo za nne-nne aliziita kwatenioni, kutokana na neno la Kilatini la kundi la vitu vinne. Kila moja ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni namba ya kawaida, iwezayo kupanda na kushuka katika kipimo kimoja kutoka hasi hadi chanya. Hiyo akaiita scalar, kutokana na scala, yaani ngazi. Sehemu ya pili ni mstari wenye mwelekeo katika anga, akauita vector, kutokana na kitenzi vehere, kubeba au kuchukua. Neno hili la pili hakulibuni kutoka hewani. Wanajimu walikuwa wakilitumia tangu karne ya 18 kwa mstari unaounganisha jua na sayari, kana kwamba mstari huo ndio unaoibeba sayari katika njia yake. Na Hamilton, tukumbuke, alikuwa mnajimu. Aliichukua picha hiyo na kuikamilisha. Katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1853 nukta ya mwanzo ni kitu cha kubebwa, vekta ndiyo ibebayo, na nukta ya mwisho ni kilichokwisha kubebwa, kila kimoja kikiwa na jina lake la Kilatini. Ukijumlisha vekta na nukta ya mwanzo, unapata nukta ya mwisho. Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba lugha yetu ingeweza kuifanya kazi hii kwa viambishi tu: mbebaji, kibebwa, kubebwa. Kilatini hakikuwa na uwezo ambao sisi hatuna.

Hata hivyo Hamilton hakujua kuacha. Ukubwa wa kwatenioni aliuita tensor, yaani kinyooshi. Sehemu yake ya kuzungusha akaiita versor, kigeuzi. Na mengine mengi ya namna hiyo. Karibu yote yamekufa. La tensor limefanya baya zaidi ya kufa, maana limehamia kwingine: mwaka 1898 mwanafizikia Mjerumani Woldemar Voigt alilitumia kwa kitu tofauti kabisa, na kwa maana hiyo mpya likaingia katika nadharia ya Einstein. Mfasiri ambaye katika mwaka 1860 angelifasiri neno hili kuwa ukubwa angekuwa sahihi siku ile, na angewapoteza wasomaji wake miaka hamsini baadaye. Nawaomba wale wapendao kufasiri istilahi kwa kufuata mzizi wake wa Kilatini walitafakari jambo hili.

Mwaka 1844, mmoja tu baada ya daraja la Dublin, mwalimu wa shule wa mji wa Stettin, Hermann Grassmann, alitoa kitabu chenye nadharia pana kuliko ya Hamilton, isiyofungwa na vipimo vitatu vya anga. Mji huo siku hizi ni Szczecin, katika Polandi. Grassmann alipendelea maneno ya Kijerumani mahali pa Kilatini. Vekta aliiita Strecke, neno ambalo Mjerumani yeyote hulitumia kwa kipande cha njia. Kitabu hakikununuliwa. Möbius, mwanahisabati ambaye angeweza kukisaidia, alikataa kuandika tahakiki yake; na Kummer, alipoombwa maoni kuhusu mwandishi huyu, alisema kwamba ana mambo mema yaliyoelezwa kwa namna mbovu. Mwaka 1864 mchapishaji aliziuza nakala zipatazo 600 kama karatasi chakavu. Grassmann hakupata kamwe nafasi ya kufundisha chuo kikuu.

Huenda baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu wanamjua bila ya kujua kwamba wanamjua. Alipoikatia tamaa hisabati aligeukia lugha, akatunga kamusi ya Rigveda ya Kisanskriti, na mwaka 1863 akaeleza kanuni ya kifonetiki iitwayo kwa jina lake: katika Kisanskriti na Kiyunani, konsonanti mbili zenye mpumuo zikifuatana katika silabi jirani, ya kwanza hupoteza mpumuo wake. Wanafunzi wa isimu ya Kibantu hufundishwa kanuni inayofanana nayo, ile iliyopewa jina la Edmund Dahl, mmisionari wa Unyamwezi, ambayo huifanya k ya kiambishi isikike g inapofuatwa na silabi yenye konsonanti isiyo ghuna, kama inavyosikika katika jina lenyewe la Gĩkũyũ.

Je, ni maneno ya Kijerumani yaliyomwangusha Grassmann? Siamini hivyo. Stevin alifaulu kwa Kiholanzi. Kilichomwangusha ni kwamba aliandika utangulizi mrefu wa kifalsafa kabla ya kumpa msomaji hata mfano mmoja wa kukokotoa. Maneno yake yalikuwa rahisi, mafundisho yake magumu. Lakini ni kweli pia kwamba Wajerumani wa leo husema Vektor, na Strecke imerudi kuwa kipande cha mstari tu katika jometri, kazi ambayo inaifaa.

Tatizo la Hamilton lilikuwa jingine. Katika aljebra yake mraba wa kila vekta yenye urefu wa moja ni hasi moja. Kwa mwanafizikia hii ni karaha, kwa sababu nguvu ya mwendo hupatikana kwa mraba wa mwendo, na hakuna atakaye kuiandika kwa alama ya kutoa. Tena, kuzidisha vekta mbili kulitoa vitu viwili kwa mpigo, namba moja na vekta moja, ingawa mara nyingi kinachotakiwa ni kimoja tu. James Clerk Maxwell, katika kitabu chake cha umeme na sumaku cha mwaka 1873, alizitumia kwatenioni kwa tahadhari, kando ya hesabu za kawaida. Waliozivunja kabisa ni wawili wasiojuana: Josiah Willard Gibbs wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliyewachapishia wanafunzi wake kijitabu katika sehemu mbili, mwaka 1881 na 1884, na Oliver Heaviside wa Uingereza, aliyewahi kuwa karani wa simu za maandishi na kujifundisha mwenyewe hisabati. Kila mmoja alizitenga sehemu mbili za zao la Hamilton, akaitupa alama ya hasi, akaacha kwatenioni zijizike.

Siwezi kumpita Gibbs bila ya kumtaja baba yake, aliyeitwa kwa jina hilo hilo, naye alikuwa mwanalugha. Mwaka 1839 Waafrika walioiteka merikebu ya watumwa iitwayo Amistad walifungwa gerezani New Haven, na hapakuwa na mtu aliyeweza kusema nao. Profesa huyo alijifunza kwao kuhesabu moja hadi kumi, kisha akaenda kwenye bandari ya New York akizitamka namba hizo kwa sauti mbele ya mabaharia, mpaka baharia mmoja, James Covey, akazitambua kuwa ni Kimende, lugha ya nchi ambayo leo ni Sierra Leone. Kwa njia hiyo mahabusi walipata mkalimani, na hatimaye uhuru wao mahakamani. Mwanawe alizaliwa mwaka huo huo.

Ugomvi ulilipuka mwaka 1890. Peter Guthrie Tait wa Edinburgh, mfuasi mkuu wa Hamilton, aliandika katika dibaji kwamba alama za Gibbs ni dubwana lenye jinsia mbili, lililozaliwa na Hamilton na Grassmann. Gibbs alijibu kwa upole, Heaviside kwa kejeli, na kwa miaka minne kurasa za jarida la Nature zilijaa hoja juu ya nani ana haki ya kuiita nini kwa alama gani. Hakuna aliyebisha kuhusu ukweli wa hesabu hata moja. Walibishana juu ya majina, herufi na nukta. Wale watuambiao kwamba mijadala ya istilahi ni anasa ya watu wa fasihi wangefaa kuyasoma majarida hayo. Mwaka 1901 Edwin Bidwell Wilson, mwanafunzi wa Gibbs, alitoa kitabu cha kufundishia kilichotokana na mihadhara ya mwalimu wake. Vyuo vikakipokea, na mabishano yakaisha yenyewe.

Sasa tuyatazame mazao hayo mawili, kwa kuwa ndipo penye upungufu wetu. La kwanza hutoa namba. Mtu anavuta mkokoteni kwa kamba iliyoinuka nyuzi 60 kutoka ardhini, kwa kani ya nyutoni 100, na mkokoteni unakwenda mita 10. Kazi aliyoifanya si jouli 1,000, kwa sababu sehemu ya kani yake inauinua mkokoteni badala ya kuuvuta. Ni 100 mara 10 mara kosaini ya nyuzi 60, yaani jouli 500. Lau kamba ingesimama wima, kazi ya kuusogeza ingekuwa sifuri. La pili hutoa vekta. Fundi akisukuma spana yenye mkono wa mita 0.2 kwa kani ya nyutoni 50, iliyo mraba na mkono, msokoto wake una ukubwa wa nyutoni-mita 10, na mwelekeo wake ni ule wa mhimili wa skrubu yenyewe. Akisukuma kwa kufuata urefu wa spana hapati kitu. Zaidi ya hayo, katika zao hili utaratibu ni lazima: ukibadilisha ya kwanza kuwa ya pili, jibu hugeuka upande, kama vile skrubu inayokazwa na inayolegezwa. Hiyo ndiyo iliyomshangaza Hamilton juu ya daraja, kwani kabla yake hakuna aliyethubutu kutumia aljebra ambamo tano mara saba, kwa namna ya kusema, si sawa na saba mara tano.

Majina yaliyoenea kwa Kiingereza yametokana na sura ya alama, nukta kwa la kwanza na msalaba kwa la pili. Wako wafasiri waandikao zao la nukta na zao la msalaba, na sina ugomvi nao mkubwa. Ila mwanafunzi aliyezoea nukta kuwa alama ya desimali na msalaba kuwa alama ya kuzidisha tangu darasa la kwanza hatajifunza lolote kutokana na majina hayo. Ninapendekeza zao-namba na zao-vekta, ambayo husema kile kitakachopatikana. Gibbs mwenyewe hakuyaita mazao yake kwa nukta na msalaba. Alitumia maneno yenye maana ya nyofu na mshazari.

Kuhusu kitu chenyewe, ningeacha vekta, katika ngeli ya vekta hii, vekta hizi, wala isiwe mavekta. Mbebaji lingependeza, lakini picha ya kubeba imekwisha kufifia hata kwa wale walioianzisha, na hakuna mwanafizikia anayeifikiria asemapo kani ni vekta. Mfasiri wa mambo ya afya ana hali nyingine. Madaktari walilichukua neno hilo hilo la Kilatini kwa mbu na kupe wabebao vijidudu vya maradhi, na huko picha ingali hai. Basi katika kijitabu cha malaria kusema mdudu aenezaye ugonjwa ni bora mara mia kuliko vekta. Skala nayo ibaki, kwa kuwa namba ya ngazi haielezi kitu, bali itenganishwe vizuri na skeli ya ramani.

Penye maneno yetu wenyewe tusikope. Mwelekeo, ukubwa, kani, msambamba, ulalo, mhimili vyote vinajitosheleza. Pagumu ni kasi. Katika mazungumzo yetu kasi ni wepesi wa mwendo tu, bila ya kujali upande, nayo yafaa ibaki hivyo, kuwa skala. Mwendo wenye mwelekeo unahitaji jina lake. Mwendokasi lingefaa, lakini tangu mwaka 2016 ndilo jina la mabasi ya Dar es Salaam, na mwanafunzi ataona basi mbele ya macho yake kabla ya kuona mshale. Kwa hiyo wengi wameelekea velositi. Mimi sijaridhika nalo, ila sijapata bora.

Limebaki suala la uandishi. Maxwell aliziandika vekta kwa herufi za Kijerumani cha kale, zilizowachosha wasomaji. Heaviside akaleta herufi nzito za kawaida, na wapiga chapa wakashukuru. Chaki haiandiki herufi nzito. Mwalimu aweke mshale juu ya herufi, na mfasiri akutanapo na herufi nzito katika kitabu cha asili aziache nzito, akimwonya mpiga chapa asizisahihishe.